Ugumu wa kuchakata hisi darasani: maana yake

Mvua ikianza kupiga mabati, darasa zima hushangilia, ila mtoto mmoja hujitia chini ya dawati na kuziba masikio. Mwalimu humwita mara tatu, haitiki. Basi husemwa: mjeuri huyo! Huenda si ujeuri, ni ugumu wa kuchakata hisi.

Tulifundishwa kuwa mtu ana milango mitano ya fahamu. Ipo na mingine: mmoja, ndani ya sikio, hushika mizani ya mwili, mwingine, katika misuli na viungo, humjulisha mtu mkono wake uko wapi bila kuutazama. Kuchakata hisi ni kazi ya ubongo ya kupokea habari za milango yote, kuzipanga, na kuamua ipi ishughulikiwe na ipi ipuuzwe. Nguo uliyovaa sasa hivi umeshaisahau mwilini. Kuna mtoto asiyeisahau: lebo ya shati humkwaruza tangu saa mbili hadi saa sita, na punda akilia uchochoroni (Lamu hii, atalia tu) hesabu zimempotea.

Mwingine mlango wake ni mzito, habari hazimtoshi, kwa hiyo huzitafuta. Hutafuna penseli, huwaegemea wenzake kwenye foleni, hatulii kitini. Mtoto mmoja aweza kuwa na yote mawili.

Aliyeipa dhana hii umbo ni Jean Ayres, mtaalamu wa tiba ya shughuli wa Marekani, katika kitabu chake cha 1972. Hali hiyo huonekana sana kwa watoto wenye usonji (autism), lakini si kwao peke yao.

Kwanza masikio na macho yapimwe, maana asiyesikia vizuri naye haitiki. Kwa Kenya, vituo vya EARC, vinavyotathmini mahitaji ya mtoto ya kielimu, viko tangu 1984. Mzazi aelekezwe huko.

Darasani dawa nyingi hazina gharama. Lebo ikatwe. Dawati lisogezwe mbali na dirisha la njiani. Kengele ikikaribia, mnong'oneze mapema. Asilazimishwe kushika gundi au udongo kwa mkono mtupu, mpe kijiti. Yule wa mlango mzito, anayetafuta habari zaidi, mpe kazi ya nguvu: abebe rundo la vitabu hadi ofisini, ajaze ndoo ya maji, afute ubao wote. Wengine hurudi wametulia, wengine la, na hapo hujaribiwa jambo jingine. Lakini wapo walimu wanaomnyima mtoto huyu mapumziko kwa sababu hakutulia. Kukimbia kule uwanjani ndiko kungemsaidia akae kipindi kinachofuata.