Mchangiaji Asiye na Homa

Kabla ya sindano kuingia mkononi, mchangiaji damu hupimwa joto, shinikizo la damu na wingi wa damu, kisha huulizwa maswali. Mwenye homa anarudishwa nyumbani siku hiyo, na huyo hatupi shida. Anayetunyima usingizi sisi wa maabara ni yule anayejiona mzima kabisa, kumbe siku chache nyuma aliumwa na mbu mwenye virusi.

Watu wa namna hiyo ni wengi kuliko inavyodhaniwa. Katika kila watu 10 wanaoambukizwa virusi vya Nile Magharibi, vinavyoenezwa na mbu, 8 hivi hawaoni dalili yoyote. Mmoja hivi kati ya 150 ndiye anayepata ugonjwa mkali wa ubongo au uti wa mgongo. Dengue na Zika nazo huwapitia wengi kimyakimya. Lakini kwa siku kadhaa virusi huwa vinazunguka kwenye damu ya mtu huyo, na damu hiyo ikienda kwa mgonjwa wa saratani au aliyepandikizwa figo, ambaye kinga yake iko chini, mambo yanaweza kuwa mabaya.

Fundisho kubwa lilitoka Marekani mwaka 2002. Watu 4 walipandikizwa viungo vya marehemu mmoja, na wote 4 wakaambukizwa virusi vya Nile Magharibi. Wachunguzi walipofuatilia waligundua kwamba marehemu, katika jitihada za kumwokoa, alikuwa ameongezewa damu ya wachangiaji wengi, na mmoja wao alikuwa na virusi hivyo. Mwaka huo ilithibitika kwamba watu 23 waliambukizwa kwa kuongezewa damu, kutoka kwa wachangiaji 16. Wote 16 walikuwa na virusi siku walipochangia, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameshatengeneza kingamwili za mwanzo, yaani kinga ambayo mwili huunda kupambana na virusi.

Hapo ndipo penye ugumu wote. Kipimo cha kingamwili kingewapitisha wote. Inabidi kutafuta vinasaba vya kirusi chenyewe, na Marekani ilianza kupima hivyo katikati ya mwaka 2003. Ili kupunguza gharama, sampuli 6 au 16 huchanganywa na kupimwa kwa pamoja. Njia hii ni nzuri, ila ina kasoro: virusi vikiwa vichache kwenye sampuli moja, huzimuliwa na damu ya wengine hadi kipimo kisivione. Kwa hiyo maambukizi yakianza kuonekana katika eneo fulani, maabara huacha kuchanganya na kupima chupa moja moja (siku hizi ni mfuko, lakini jina la chupa limebaki). Kujua siku ya kubadilisha ndiyo kazi hasa ya ufuatiliaji. Ukichelewa wiki moja, chupa zimeshatoka.

Damu hiyohiyo pia hutoa habari za maambukizi yaliyojificha katika jamii. Visiwani French Polynesia, kati ya Novemba 2013 na Februari 2014, wachangiaji 1,505 walipimwa Zika na 42 wakakutwa nayo, ilhali wakati wa kuchangia hakuna aliyekuwa na dalili.

Ulaya, aliyelala katika eneo lenye maambukizi ya Nile Magharibi husubiri siku 28 tangu aondoke, isipokuwa apimwe vinasaba na kukutwa hana. Kwa msafiri aliyepita tu, utaratibu huo ni rahisi na unafaa. Mahali ambapo mbu wanauma mwaka mzima, kusubirisha watu kungemaliza damu kwenye majokofu, na mama anayevuja damu baada ya kujifungua hawezi kungoja msimu wa mbu uishe. Kisiwa cha Réunion kilionja hali hiyo mwaka 2006, chikungunya, ugonjwa mwingine wa mbu, ilipokithiri. Uchangiaji wa kawaida ulisimamishwa na chembe nyekundu zikaletwa kutoka Ufaransa. Chembe sahani, zinazosaidia damu kuganda, hudumu siku chache mno, kwa hiyo ziliendelea kukusanywa kisiwani, zikipimwa na baadaye kutiwa dawa na kumulikwa mwanga wa urujuanimno ili kuua virusi.

Kupima kila kirusi siku zote si jibu pia. Marekani ilipima Zika katika damu yote kuanzia 2016, ikaacha 2021 baada ya maambukizi kufifia. Wapo walioona ni kulegeza ulinzi. Mimi naona ulikuwa uamuzi sahihi, mradi tunaendelea kufuatilia wagonjwa na mbu, na kipimo kinaweza kurudishwa haraka.

Kuna taarifa moja ambayo hakuna mashine itakayotupatia. Ukipata homa, upele au maumivu ya viungo ndani ya wiki mbili baada ya kuchangia, pigia kituo ulikochangia siku hiyohiyo, usingoje upone. Hakuna atakayekulaumu. Chembe nyekundu hukaa kwenye jokofu hadi siku 42, na huenda chupa yako bado ipo pale, haijapewa mtu.