Nafasi ya Pembeni mwa Kioo cha Kuzuia Moto si Kasoro ya Ufundi: Ufafanuzi kwa Wamiliki wa Majengo Katika Miji Yenye Matetemeko

Idara yetu ya ukaguzi wa usalama wa majengo imekuwa ikipokea malalamiko yanayofanana kutoka kwa wamiliki wa majengo ya ghorofa katika miji iliyo kwenye Bonde la Ufa na kandokando yake. Mmiliki ameagiza kioo cha kuzuia moto kwa fedha nyingi, ana ankara na cheti cha kiwandani mkononi, kisha mkaguzi anafika, anapima kwa rula ya chuma nafasi iliyo kati ya ukingo wa kioo na fremu, na kuandika kwamba kizuizi cha moto cha ngazi hakikubaliki. Wapo waliofika mbali na kusema kwamba mkaguzi alikuwa anatafuta kitu kidogo. Mwenye ushahidi wa mtumishi kuomba rushwa anayo njia ya kuripoti TAKUKURU, na tunamwomba aitumie bila woga. Hata hivyo, katika mafaili tuliyoyapitia mkaguzi alikuwa sahihi, na sababu yake ni ya kiufundi ambayo kila mwenye nia ya kuielewa anaweza kuielewa.

Sababu yenyewe ni kwamba kioo kilichofaulu jaribio la moto tanuruni hakijathibitishwa kuwa kitaendelea kusimama mahali pake ikiwa jengo limetikiswa na tetemeko kabla moto haujakifikia. Katika mji usio na matetemeko mambo hayo mawili yanaweza kushughulikiwa kila moja kwa wakati wake, lakini kwetu hayatenganishwi.

Hapa ndipo tunapokutana na dhana kwamba Tanzania haina tetemeko la maana. Tetemeko la Rukwa la tarehe 13 Desemba 1910 lilizidi ukubwa wa 7, na linahesabiwa miongoni mwa makubwa kabisa yaliyowahi kurekodiwa na vipimo barani Afrika. Mbeya imekaa mahali yanapokutana mabonde ya Rukwa, Usangu na Nyasa. Tarehe 17 Julai 2007 eneo la Gelai, karibu na Ziwa Natron, lilipigwa na tetemeko la ukubwa wa 5.9 ambalo liliwatoa watu kwenye majengo marefu hadi Nairobi. Bukoba, tarehe 10 Septemba 2016, ukubwa ulikuwa huohuo wa 5.9, na zaidi ya watu 15 walipoteza maisha. Hata Dar es Salaam, ambayo wengi wanaiona iko mbali na habari hizi, wakazi wake walikimbilia nje usiku wa tarehe 12 Agosti 2020 kutokana na tetemeko la ukubwa wa takribani 6 lililotokea baharini. Anayesema kwamba hatujawahi kuyaona anazungumzia kumbukumbu yake binafsi, na jengo hujengwa likae miaka 50 au zaidi.

Uhusiano wa tetemeko na moto unajulikana duniani kwa muda mrefu. Katika mji wa San Francisco mwaka 1906 moto uliwaka kwa siku 3 baada ya tetemeko, huku mabomba makuu ya maji yakiwa yamekatika chini ya ardhi. Kobe, nchini Japani, alfajiri ya tarehe 17 Januari 1995, mioto zaidi ya 100 ilizuka siku ileile na takribani majengo 7,000 yakateketea. Zimamoto walifika maeneo mengine wakakuta mabomba hayana maji, na umeme uliporejeshwa kwenye nyumba zilizoharibika ulianzisha mioto mipya. Kwetu visababishi viko wazi: mitungi ya gesi iliyosimama bila kufungwa ukutani, nyaya za umeme zilizopitishwa kwenye kuta za matofali, jenereta za chini ya jengo na matangi yake ya mafuta. Kwa hiyo saa moja ya kwanza baada ya tetemeko, jengo lisitegemee kwamba mfumo wa kunyunyizia maji darini utafanya kazi, wala kwamba gari la zimamoto litapita barabarani kwa wakati. Kinachobaki ni vile vizuizi visivyohitaji maji wala umeme, yaani ukuta, mlango, na kioo kilichowekwa mahali pa ukuta. Ndiyo maana tunakuwa wagumu kuhusu kioo cha ngazi kuliko kioo kingine chochote cha jengo.

Juu ya madaraja ya vioo hatutachukua muda mrefu, kwa kuwa yameandikwa kwenye kila cheti. Herufi E maana yake kioo kinazuia miali na gesi za moto zisipite. EW inaongeza kwamba mnururisho wa joto upande wa pili hauzidi kilowati 15 kwa mita mraba ukipimwa umbali wa mita 1. EI inaongeza kwamba uso wa pili wa kioo haupandi kwa wastani wa zaidi ya nyuzi 140 juu ya joto la mwanzo. Namba inayofuata ni dakika. Kwenye ngazi ya kutokea tunataka EI, kwa sababu mtu anayeteremka na mtoto mgongoni hawezi kupita kando ya kioo kinachotoa joto la tanuru hata kama miali haijapita. Vioo vya EI huwa na tabaka la kemikali katikati ambalo likifika nyuzi 120 hivi huvimba na kugeuka jeupe lisilopitisha mwanga. Ndiyo kazi yake. Si ubovu, kama mmiliki mmoja alivyodai kwa maandishi baada ya moto mdogo wa jikoni.

Kioo cha dirisha cha kawaida hupasuka mara tofauti ya joto kati ya katikati na ukingo inapofika nyuzi 40 hivi. Kile kilichoimarishwa kwa joto, cha milango ya maduka, kinastahimili zaidi, lakini kikifika kikomo chake hakibakizi kitu kwenye fremu: chote kinamwagika chini kwa mpigo mmoja. Kuhusu kioo cha waya tumeeleza kwenye semina nyingi na bado suala linarudi: waya haukiongezei kioo nguvu. Waya unashikilia vipande baada ya kioo kupasuka, na kwa kugongwa, kioo cha waya cha kawaida ni dhaifu kuliko kioo cha unene uleule kisicho na waya. Aidha hakizuii joto kupita. Kukiweka kwenye korido ya shule kwa kuamini kwamba ni kioo cha usalama ni hatari kwa watoto, kwa sababu anayekigonga kwa mkono anakatwa na kioo na waya kwa pamoja.

Sasa fremu. Aluminiamu huyeyuka katika nyuzi 660. Katika mchoro wa joto unaotumika kupima vizuizi vya moto, ISO 834, tanuru linafika kiwango hicho kabla dakika ya 10 haijaisha, na linapofika dakika ya 60 liko karibu na nyuzi 945. Kwa hiyo kioo cha EI 60 kilichofungwa kwenye fremu ya kawaida ya aluminiamu, kwa raba za kawaida, ni kizuizi cha dakika chache tu, hata kama alama iliyochapwa kwenye kona ya kioo inasomeka 60. Cheti hutolewa kwa kioo, fremu, raba, vikalio vya kioo na skrubu zake kwa pamoja, kama vilivyoingia tanuruni. Zipo fremu za aluminiamu zilizoundwa maalumu kwa moto, zenye vijazo vya kupoza ndani yake, nazo tunazikubali zikija na cheti chake.

Tunafika kwenye rula ya mkaguzi. Jengo likitikiswa, sakafu ya juu inahama upande ikilinganishwa na sakafu iliyo chini yake, na fremu iliyo katikati inapinda kutoka mstatili kuwa msambamba. Kioo hakipindi. Kikiwa na nafasi ndani ya fremu kinazunguka kidogo na kurudi. Kikikosa nafasi, pembe zake zinagonga chuma na kinapasuka kuanzia ukingoni. Mwongozo wa Marekani wa mizigo ya majengo, ASCE 7, una kanuni ya kukokotoa jambo hili ambayo tunaitumia pia tunapokagua. Chukua kioo cha upana wa mita 1 na kimo cha mita 2, katika ghorofa ya kimo cha mita 3 ambayo mhandisi amekadiria itahama milimita 30. Kwa kimo cha kioo hicho mhamo ni milimita 20, na kanuni inataka uongezwe kwa robo, hivyo kioo kinatakiwa kivumilie milimita 25. Ikiwa nafasi ya pembeni, juu na chini ni milimita 10 kila upande, kioo kitaanza kugusa fremu kwenye pembe zinazotazamana mhamo utakapofika milimita 60, nacho kimesalimika. Ikiwa nafasi ni milimita 3, kitagusa kwenye milimita 18, kabla ya tetemeko lililokadiriwa kumaliza kazi yake. Tofauti ya majengo hayo mawili ni milimita 7 ambazo macho ya mpita njia hayazioni.

Mafundi wetu wengi wamefundishwa kwamba kioo kinachobana vizuri ndicho kilichofungwa vizuri, na mmiliki akiona nafasi anaagiza ijazwe silikoni ngumu, au mbaya zaidi, saruji nyeupe. Tunaelewa nia, ila matokeo yake ni kuharibu kizuizi alicholipia. Nafasi ile inajazwa utepe wa nyuzi za seramiki na kizibio kinachovimba kwa joto, vile vilivyotajwa kwenye cheti, ambavyo ni laini vya kutosha kukiruhusu kioo kisogee. Wala mtu asiipanue nafasi kwa uamuzi wake, kwa sababu nafasi iliyozidi ile ya jaribio la moto nayo inaweza kupitisha miali. Pale ambapo nafasi iliyojaribiwa haitoshi kwa mhamo wa jengo, suluhisho ni kupunguza ukubwa wa kioo, kuchagua mfumo mwingine, au kuifunga fremu kwa namna ambayo sehemu yake ya juu inateleza chini ya boriti bila kubebeshwa mhamo wote.

Utaratibu ni kama ufuatao, na tunauandika kwa urefu kwa kuwa ndipo maombi mengi yanapokwama. Michoro inapowasilishwa halmashauri kuombewa kibali cha ujenzi, seti inayokwenda kupitiwa na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji iwe na jedwali la vioo linaloonesha, kwa kila sehemu yenye kioo cha moto, namba yake, vipimo, daraja, jina la mfumo wa fremu, aina ya raba na kizibio, nafasi za pande zote nne, na mhamo wa ghorofa husika. Mhamo huo unatoka kwa mhandisi wa miundo aliyesajiliwa, wala haukadiriwi na msanifu. Tunawakumbusha wahandisi kwamba viwango vya zamani vya Uingereza ambavyo wengi wetu tulisomea havina hesabu ya tetemeko, hivyo waoneshe wametumia kiwango gani. Mzigo kutoka nje upitie taratibu za Shirika la Viwango Tanzania kabla haujapakiwa melini, na jina la mfumo kwenye nyaraka za forodha lilingane na lile la cheti cha jaribio, herufi kwa herufi. Ukaguzi wa kwanza unafanyika kioo kikiwa kimekalishwa lakini vipande vya kukibana havijafungwa. Aliyekwisha kufunga atafungua. Tunasisitiza hilo kwa sababu hakuna njia ya kupima nafasi iliyofunikwa, na picha za simu hatuzipokei badala ya ukaguzi.

Jengo lisilokidhi halipewi cheti cha usalama wa moto, na lenye cheti linaweza kunyimwa linapokaguliwa upya kila mwaka. Mmiliki hupewa notisi ya maandishi yenye kasoro na muda wa kurekebisha. Muda ukipita bila marekebisho, jengo au sehemu yake inaweza kuzuiwa kutumika, na shauri kufikishwa mahakamani chini ya Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, Sura ya 427, ambayo inaruhusu faini na kifungo. Gharama ya kuondoa na kurudisha kioo ni ya mmiliki, naye anaweza kumdai mkandarasi wake kwa mujibu wa mkataba. Idara haiingii katika madai hayo. Bima nayo huuliza cheti.

Kwa majengo yaliyokwisha kupata cheti, mmiliki asikate wala asitoboe kioo cha EI ili kupitisha waya au kitasa, kwa kuwa utepe wa ukingoni ukikatwa unyevu unaingia na tabaka la kati linaharibika. Asibandike karatasi za kupunguza mwanga au matangazo juu yake. Kioo kinachopigwa na jua moja kwa moja kiwe na tabaka la kuchuja miale.

Tetemeko likitokea na kuhisiwa ndani ya jengo, hata lisipoangusha kitu, msimamizi apite kwenye kila ngazi na kutazama pembe nne za kila kioo cha moto: ufa unaoanzia pembeni, kizibio kilichotoka, fremu iliyoachana na ukuta, mapovu au ukungu mweupe ndani ya kioo, na mlango usiojifunga wenyewe. Akikuta lolote kati ya hayo aandike ghorofa na namba ya kioo kama ilivyo kwenye jedwali, na kutuarifu kwa maandishi. Panapoonekana moto au harufu ya gesi apige 114 kwanza. Kioo kilichopasuka kinahesabiwa hakipo hadi kibadilishwe kwa mfumo uleule wenye cheti kilekile, na kwa muda wote huo ngazi inayohusika inaondolewa kwenye hesabu ya njia za kutokea, pamoja na idadi ya watu iliyoruhusiwa kwa sababu ya ngazi hiyo.