Benchi la Kibanda Umiza na Safari ya AFCON 2027

Ijumaa ya tarehe 22 Agosti 2025 nilikuwa kwenye kibanda umiza kimoja, banda la mtaani la kuonyeshea mpira, Mwananyamala, Dar es Salaam, nimebanwa kwenye benchi kati ya fundi cherehani na dereva wa lori kutoka Mombasa. Ilikuwa robo fainali ya CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wanaocheza ligi za nchini mwao. Jioni Kenya, yaani Harambee Stars, walicheza na Madagascar pale Uwanja wa Kasarani, Nairobi, na usiku Taifa Stars wetu wa Tanzania walikuwa na kibarua na Morocco kwenye Uwanja wa Mkapa. Kiingilio kimoja kilitosha mechi zote mbili. Harambee Stars walipotolewa kwa penalti, yule dereva aliinamisha kichwa. Kibanda kikanyamaza kidogo, kisha sauti ikatoka nyuma: “Pole mtani. Usiondoke, utatusindikiza na sisi.” Watu wakacheka, naye akacheka. Mama wa mihogo akamletea sahani ambayo hakuiagiza. Kufikia saa nne na sisi tulikuwa nje ya mashindano, kwa bao moja, na dereva ndiye aliyekuwa akizunguka kutupa pole.

Nafundisha sosholojia chuo kikuu, na swali ninaloulizwa mara nyingi tangu Kenya, Tanzania na Uganda zipewe uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika, AFCON 2027, ni hili: je, michuano hii kweli inaunganisha watu, au ni maneno ya wanasiasa na wauza jezi? Jibu langu ni kwamba inaunganisha, tena kwa kiasi kinachoweza kupimwa. Lakini mpira wenyewe unafanya sehemu ya kazi tu. Sehemu nyingine ni ya kwetu, na tukiiacha haifanyiki.

Nianze na kilichopimwa. Mwaka 2020 wachumi watatu, Emilio Depetris-Chauvin, Ruben Durante na Filipe Campante, walichapisha utafiti juu ya timu za taifa barani Afrika. Walichukua majibu ya wananchi waliohojiwa na Afrobarometer, mtandao unaokusanya maoni ya wananchi barani Afrika, wakawalinganisha waliohojiwa siku chache kabla ya mechi na waliohojiwa siku chache baada yake. Baada ya timu ya taifa kushinda, watu walipungua kujitambulisha kwa kabila kuliko kwa taifa, na wakaongeza kuwaamini watu wa makabila mengine. Wakatazama pia nchi zilizofuzu AFCON kwa tundu la sindano na zile zilizokosa kwa tundu hilo hilo. Zilizofuzu zilikuwa na machafuko machache zaidi katika miezi sita iliyofuata. Hili si jambo dogo kwa bara letu.

Ila faida hiyo ilionekana baada ya ushindi. Baada ya kufungwa haikuonekana. Sasa AFCON ina timu 24 na bingwa ni mmoja. Wenyeji watatu tunaweza kutolewa wote hatua moja, kama ilivyotokea kwenye CHAN: Uganda nao walitolewa na Senegal siku moja tu baada ya Kenya na Tanzania. Kwa hiyo anayetaka michuano iache undugu nyuma yake lazima afikirie zaidi siku ya kufungwa kuliko siku ya kushinda. Na kwa hilo, watu wa ukanda huu tuna hazina ambayo huwa hatuitaji kwa jina lake tunapozungumza mpira. Ni utani.

Vijana wengi mjini wanadhani utani ni mzaha tu. Wazee wetu waliufanya kuwa taasisi, yenye haki na wajibu. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali katika karne ya 19, na vita vilipokwisha wakawa watani. Wanyamwezi waliokuwa wakiteremka pwani na misafara, na Wazaramo waliowapokea, wakawa watani pia. Mtani ana ruhusa ya kukutukana hadharani na hutakiwi kukasirika. Lakini ukifiwa, mtani ndiye anayetakiwa kufika. Anaingia msibani anamwigiza marehemu alivyotembea na alivyodai madeni yake, watu wenye machozi wanajikuta wanacheka, na kazi za msiba naye anazibeba. Ruhusa ya kunicheka ameilipia kwa kunisitiri.

Ndiyo maana Simba na Yanga tunawaita watani wa jadi, wala si maadui wa jadi. Neno lilichaguliwa vizuri. Yanga ilianzishwa 1935 na Simba 1936, zote hapo hapo Kariakoo, na katika miaka yote hiyo nyumba moja imeweza kuwa na baba wa kijani na mama wa nyekundu na wakala sahani moja. Kila mara vurugu zinapotokea kati ya mashabiki, ukichunguza utakuta upande mmoja umechukua haki ya utani ukaacha wajibu wake.

Mechi baina yetu na majirani nazo zina historia ndefu. Kombe la Gossage, lililotolewa na kampuni ya sabuni, lilianza 1926 kati ya Kenya na Uganda. Tanganyika ikaingia 1945 na Zanzibar 1949, na kutoka huko tukaja kupata Kombe la Chalenji la CECAFA, baraza la soka la Afrika Mashariki na Kati. Yaani timu zetu zilikuwa zikikutana uwanjani kabla nchi zetu hazijapata uhuru. Na tulipokutana tena mbali na nyumbani, Cairo, kwenye AFCON ya Juni 2019, Kenya wakatoka nyuma mara mbili wakatufunga 3-2, utani wa Wakenya na Watanzania mtandaoni ulichoma kwa siku kadhaa. Nilisoma mengi wakati ule. Mengi ya maneno yale yalikuwa ya kindugu. Machache yalikuwa ya kudhalilisha, yakigusa umaskini wa watu, lugha yao, au sura za dada zetu, na hapo utani ulikuwa umekwisha. Mpaka huo tuufundishe watoto wazi wazi: cheka mchezo, cheka kocha, cheka bao la kizembe. Utu wa mtu usiuguse, na ukimcheka leo uwe tayari kumpa pole kesho.

Kuna jambo jingine CHAN ilituonyesha, nalo lilitokea Zanzibar. Sudan imo vitani tangu Aprili 2023. Klabu zake kubwa, Al Hilal na Al Merrikh, zilifikia hatua ya kucheza ligi ya Mauritania kwa sababu kwao hapachezeki, na Al Hilal waliwahi kuutumia Uwanja wa Mkapa kama wa nyumbani kwenye Ligi ya Mabingwa. Timu ya taifa ya Sudan ikaja Uwanja wa Amaan, Zanzibar, ikaifunga Nigeria 4-0, ikaitoa Algeria kwa penalti, ikafika nusu fainali. Mgeni asiye na uwanja kwao alipewa uwanja wa kuchezea na watu wa kumshangilia. Wenyeji wa michuano tusijione kama wauza tiketi tu. Mwenyeji ni yule anayemfanya mgeni asahau kwa dakika tisini kwamba yuko mbali na nyumbani.

Sasa getini, ambako undugu wote huu unaweza kuvunjika kwa dakika tano. Tarehe 24 Januari 2022, nje ya Uwanja wa Olembe mjini Yaoundé, kabla ya Cameroon kucheza na Comoro, watu wanane walikufa kwenye msongamano. Umati ulielekezwa kwenye geti ambalo halikuwa wazi. Sisi wenyewe tulipata onyo Kasarani, ambako mashabiki walilazimisha kuingia, Shirikisho la Soka la Afrika, CAF, likatoza faini na kupunguza idadi ya watazamaji kwa mechi ya Kenya na Zambia hadi 27,000. Aliyeingia bila tiketi hakumkomoa mtu mkubwa. Alichukua nafasi ya mwenzake aliyenunua, kisha akawafungia nje maelfu mechi iliyofuata.

Watu wengi hufikiri wanaokufa kwenye msongamano hukanyagwa. Wengi hukosa pumzi wakiwa wamesimama, kwa kuwa kifua kimebanwa kikashindwa kutanuka. Kwa hiyo ukijikuta umebanwa, kunja mikono mbele ya kifua kama bondia ili mapafu yapate nafasi. Usishindane na wimbi la watu. Linapotulia kidogo, jisogeze kimshazari kuelekea pembeni. Simu ikidondoka, iache. Mtoto mnyanyue juu mapema, kabla hamjabanwa. Na ukiwa nyuma kabisa, tambua kwamba wewe ndiye unayeua bila kujua: misukumo midogo ya watu wengi wa nyuma hujumlika, ikamfikia wa mbele ikiwa mizito ya kumkata pumzi. Ukisikia kelele za “rudi nyuma”, rudi, na mwambie aliye nyuma yako.

Hata hivyo wengi wetu hatutafika uwanjani. Mkapa na uwanja mpya wa Talanta kule Nairobi vinachukua watu 60,000 kila kimoja, na Afrika Mashariki ina mamilioni kwa mamilioni. AFCON ya watu wengi itakuwa sebuleni kwa jirani, kijiweni, baa, na zaidi ya yote kwenye kibanda umiza. Hapo ndipo serikali za mitaa na viongozi wa dini waelekeze macho yao, maana mipango mingi ninayoisikia ni ya viwanja, barabara na hoteli. Kibanda kisicho na mlango wa pili ni hatari ya moto na ya msongamano. Kibanda ambacho binti akiingia anashikwashikwa kinaunganisha nusu ya mtaa tu. Kinachopokea watoto wa shule usiku wa manane kinajenga ugomvi na wazazi. Haya hayahitaji fedha za CAF. Yanahitaji kikao kimoja cha mtaa na mwenye kibanda.

Nilirudi Mwananyamala miezi michache baada ya ile robo fainali. Mwenye kibanda alikuwa amekata ukuta wa mabati upande wa nyuma akaweka mlango wa pili, na benchi mbili za mbele amezitenga kwa akina mama na watoto, watoto wakiondoka saa tatu. Nilimuuliza nani alimshauri. Akasema ni yule mama wa mihogo, aliyekuwa akiangalia mechi kwa kuchungulia mlangoni tangu kibanda kifunguliwe. Sasa anakaa benchi la kwanza, kikaango kimehamia kwenye mlango mpya.