Cheti cha kilimo hai: yale tunayosikia sokoni na vile mambo yalivyo

Kila nikienda soko ya Luanda hapa Vihiga lazima mtu anishike mkono aniulize hii maneno ya cheti cha kilimo hai, yaani organiki, na kila mmoja anakuja na lake alilosikia kwa fulani, na juu mimi ndiye karani wa grup yetu ya wakulima naona afadhali niandike yote mara moja, manake kuna watu wanakata tamaa kabla hata ya kuanza, na wengine wanaanza vibaya wanapoteza misimu miwili mitatu bure.

"Mimi sijawahi kuweka mbolea ya duka wala kupiga dawa, so shamba langu ni organiki tayari."

Hii ndio nasikia zaidi, hasa kwa wazee. Na sikatai, mzee, pengine kweli hujaweka kitu tangu enzi za babako. Lakini inspekta, yule anayekuja kukagua shamba kabla ya cheti, hakujui, na hawezi kuandika kwa fomu ati "mwenyewe ameniambia". Anataka ramani ya shamba, hata kama umeichora kwa mkono, iwe na mipaka na kila kipande na jina lake. Anataka kujua kila kipande kilipandwa nini na kikawekwa nini miaka iliyopita. Anataka risiti za agroveti, na kitabu cha mavuno na mauzo, na hapo ndipo watu wengi hushikwa, manake akiona robo ekari yako imetoa magunia matatu na umeuza saba kwa jina la organiki, atauliza hayo manne yametoka wapi, na atauliza kwa upole sana lakini jibu lazima liwepo.

Alafu kuna swali la pili ambalo watu hawalitegemei: udongo unaulisha na nini? Kuacha tu kuweka mbolea ya duka kama DAP sio kilimo hai. Shamba ambalo halipewi chochote, mahindi kila mwaka mahali palepale mpaka kayongo, lile gugu la striga, inamaliza yote, hilo ni shamba limechoka. Viwango vya kilimo hai vinataka uonyeshe unabadilisha mazao, unapanda jamii ya kunde, unatengeneza mboji, unazuia mmomonyoko. Na sisi huku magharibi tuna bahati. Ile tithonia ya maua ya njano inayoota kila ua la barabara, majani yake yana nitrojeni na potasiamu nyingi na fosforasi ya kutosha, watafiti waliifanyia kazi huku Maseno miaka ya 1990. Na mbinu ya sukuma-vuta kutoka kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe pale Mbita, ambapo mmea wa desmodiamu unapandwa katikati ya mahindi na nyasi ya napia pembeni: desmodiamu inafukuza nondo wa funza wa mabua na mizizi yake inaifanya mbegu ya kayongo iote halafu ife bila kushika mahindi, na napia inawavuta wale nondo watoke shambani. Mtu mwenye hiyo shambani anaongea na inspekta bila woga.

"Wanachukua mboga wanapeleka maabara, ikitoka safi unapewa cheti."

Hapana. Cheti kinashuhudia njia uliyolima. Maabara ipo lakini ni ya kukagua tu, kwa mfano kwa sheria ya Marekani wakala wa vyeti anatakiwa kuchukua sampuli kutoka angalau asilimia 5 ya mashamba anayoyasimamia kila mwaka, maana yake wengi wanapita mwaka mzima bila sampuli kuchukuliwa, lakini hakuna anayepita mwaka bila kutembelewa. Kwa hivyo ukiniuliza kifaa cha kwanza cha kununua nitakwambia kitabu cha kurasa 200 na kalamu mbili.

"Kitu ikiwa ya asili, inakubaliwa."

Hapa naomba usome polepole juu ndipo watu wazuri huanguka.

Tumbaku ni mmea, si ndio? Lakini kwa orodha ya Marekani ya vitu vya kilimo hai vumbi la tumbaku limekatazwa wazi, kwa sababu nikotini ni sumu kali kwa yule anayepiga na kwa wadudu wazuri pia. Kuna watu huloweka majani ya tumbaku wanapiga kwa sukuma wiki wakidhani wako salama.

Alafu pareto. Ndugu zetu wa Nakuru ndio wanaijua, Molo na Njoro huko, na kiwanda kiko Nakuru mjini. Maua ya pareto yanatoa dawa inayokubalika kwa kilimo hai karibu kila mahali duniani. Lakini soma lebo! Chupa nyingi za pareto zimeongezwa kitu kinaitwa PBO cha kuipa nguvu, na hicho kwa sheria nyingi za organiki, kama ya Marekani, hakitakiwi. Na kuna zile za kiwandani zilizoigwa kutoka kwa pareto, pamethrini, saipamethrini, jina linafanana fanana na muuzaji anaweza kukwambia kwa roho safi kabisa "hii ni kama pareto tu". Si pareto.

Fosfeti ya mawe ya Minjingu kutoka Tanzania, yenyewe ikiwa unga wa mawe tu, sawa. Ile iliyochanganywa na nitrojeni ya kiwandani, hapana, hata kama jina kwa gunia ni lile lile.

Na mbolea ya ng'ombe? Inakubaliwa lakini iko na masharti. Kwa Marekani, samadi mbichi lazima iwe imeingia udongoni siku 120 kabla ya kuvuna kama sehemu inayoliwa inagusa udongo, na siku 90 kama haigusi. Ukiiozesha kwanza kwa lundo la mboji vizuri, joto likae nyuzi 55 na zaidi kwa siku 15, ukiigeuza angalau mara tano ndani ya siku hizo, hiyo kungoja haikuhusu. Ulaya wao hawataki samadi ya ufugaji wa kiwandani, kwa hivyo ukinunua gunia za mbolea ya kuku andika zimetoka kwa nani na kuku wake anawafuga aje. Tope la mitaro ya maji taka usiguse kabisa, hata ukipewa bure.

Pia usidhani kilimo hai maana yake hakuna kupiga dawa kabisa. Mwarobaini unapigwa, pareto inapigwa, hata dawa ya shaba ya kuzuia ule ugonjwa wa nyanya tunaouita baridi inaruhusiwa kwa kipimo, Ulaya ni kilo 28 kwa hekta kwa miaka 7.

"Mbegu ni mbegu."

Ile rangi ya waridi au ya kijani inayobaki kwa vidole ukipanda mahindi ni dawa. Mbegu iliyopakwa dawa haitakiwi. Unatafuta kwanza mbegu ya organiki, ukikosa unatumia ya kawaida ambayo haijapakwa na unaandika ulitafuta wapi ukakosa. Za kujiwekea nyumbani, mrenda, saga, kunde, ni sawa kabisa, na kule Gilgil kuna Seed Savers Network wanafundisha vile wakulima wanaweza kuweka benki ya mbegu ya kijiji. Za kubadilishwa vinasaba hazikubaliwi popote.

Sasa wacha niwaambie ya pampu. Mwaka ule wa kwanza wa sisi wakulima kukaguana wenyewe kwa ajili ya cheti, tulifika kwa senje wangu mmoja, yaani shangazi, mwanamke wa bidii sana, mboga zake zimesimama vizuri mpaka wageni wakaanza kupiga picha. Kijana wa grup ya ng'ambo ya mto akaingia stoo akatoka na pampu ya mgongo ameishika kwa kamba, akaifungua kifuniko akanusa.

"Senje, hii ni ya kazi gani?"

"Ya mwarobaini tu mwanangu, naponda mbegu naloweka usiku."

"Na ng'ombe unawapigia kupe na nini?"

Senje akanyamaza. Akaangalia zizi, akaangalia pampu. "Na hiyo hiyo," akasema, "lakini naosha. Naosha na omo mara tatu."

Hakudanganya na hakuna aliyemkasirikia, lakini dawa ya kupe inakaa kwa mpira na kwa nozo, na kile kipande cha mboga kikarudishwa kuanza kuhesabiwa upya ule muda wa kungoja kabla ya kuitwa organiki. Niliumia sana juu mimi karani ndiye nilipaswa kusema mapema: pampu ya shamba la kilimo hai iwe yake peke yake, iandikwe kwa rangi, isiazimwe na isikodishwe.

"Jirani yangu anapiga dawa, kwa hivyo mimi siwezi."

Unaweza, lakini lazima ufanye kitu. Hapa Vihiga mashamba ni madogo, ukinyoosha mkono uko kwa mwenzako, so huwezi kuiga ya watu wa ekari mia. Unaacha ukanda pale mpakani, unapanda ua mrefu wa napia au tithonia, na yale ya kwenye ukanda hayauzwi kama organiki. Unachimba mtaro kama yeye yuko juu na maji yanateremka kwako. Na unaongea naye, hii ndio dawa kubwa: "Jirani, siku ukitaka kupiga nipigie simu, na upige asubuhi upepo ukiwa umetulia." Alafu unaandika kwa kitabu kwamba mliongea, tarehe gani. Inspekta anapenda sana kuona hiyo.

"Ni ya matajiri na wenye kuuza nje."

Kama unataka cheti cha peke yako kutoka kwa mashirika kama Ecocert au Control Union, ndio, utalipa siku za inspekta na safari yake na kwa nusu ekari haiwezi kulipa. Lakini hakuna aliyesema uende peke yako.

Njia ya kwanza, grup inajisajili pamoja na inakuwa na ukaguzi wake wa ndani: wanachama wote wanakaguliwa na watu wa grup kila mwaka, wakala wa nje anakuja kuhakiki na anarudia baadhi. Kwa kanuni mpya ya Ulaya, ya namba 2018/848 iliyoanza kutumika Januari 2022, anarudia angalau asilimia 5, na grup haizidishi watu 2,000 na mashamba yawe madogo. Kosa la mmoja linaweza kuwaangusha wote, kwa hivyo chagueni wanachama vizuri.

Njia ya pili, na hii ndio yetu, ni wakulima kukaguana wenyewe kwa kiwango cha Afrika Mashariki cha 2007, na wanunuzi wakija kushuhudia ni vizuri zaidi. Mkipita mnaweza kutumia alama ya Kilimohai. KOAN, ule mtandao wa kilimo hai wa Kenya, ndio wanasimamia haya mambo hapa, anzieni kwao. Gharama ni ndogo, jasho ni nyingi. Tatizo ni moja: Ulaya na Marekani hawaitambui kwa mizigo ya nje. Lakini kama soko lako ni Kisumu na Nakuru na hoteli za hapa, ya nje unaitafutia nini?

"Miaka mitatu bila kuuza, nitakula nini?"

Unauza! Unauza kila siku, ila huwezi kuita organiki mpaka muda wa mpito uishe. Ulaya ni miaka 2 kabla ya kupanda kwa mazao ya msimu, na miaka 3 kabla ya mavuno ya kwanza kwa kama avokado na kahawa. Marekani ni miezi 36 tangu kemikali ya mwisho. Kiwango chetu cha Afrika Mashariki ni kifupi zaidi. Na ukiwa na ushahidi wa kweli wa miaka ya nyuma, sehemu ya muda inaweza kuhesabiwa, narudi tena kwa kitabu.

"Niko na GlobalGAP" au "bidhaa yangu iko na alama ya KEBS."

Vizuri, lakini hizo ni habari zingine. GlobalGAP ni cheti cha kulima kwa utaratibu mzuri, na inaruhusu dawa za kemikali mradi utumie kwa utaratibu. KEBS ni shirika la viwango la Kenya, alama yake si ya organiki. Na afisa wa kilimo wa kaunti ni wa kukushauri, cheti hatoi.

"Ukishapata umepata."

Kila mwaka mnatembelewa. Mwaka huu tulipofika kwa senje alitutolea kiti na kabla hatujauliza akaleta kitabu, kimefungwa kwa karatasi ya nailoni kisiloe. Ukurasa wa kwanza una tarehe ya ile siku ya pampu na chini yake ameandika kwa herufi kubwa: PAMPU MPYA, YA MBOGA TU. Ile ya zamani ameifunga utepe mwekundu, inaning'inia huko zizini.