Mayai: Kuyachagua, Kuyahifadhi na Kuyapika

Nitalitambuaje yai zuri sokoni?

Tazama ganda kabla ya kuuliza bei. Liwe zima, kavu na lisilo na kinyesi kilichogandamana. Kisha angalia mahali trei ilipowekwa, kwa sababu mayai yaliyoshinda juani kando ya barabara pale soko la Kalerwe, Kampala, huzeeka upesi kuliko yale yaliyokaa kivulini. Ukitaka kuhakikisha, lizungushie yai kiganja chako na ulimulike kwa tochi ya simu upande wa ncha butu: utaona kijichumba cha hewa, ambacho huwa kidogo yai likiwa jipya na hupanuka kadiri maji yanavyopotea kupitia vitundu vya ganda. Rangi ya ganda hufuata aina ya kuku tu. Unjano wa kiini nao hutokana na chakula, ndiyo maana kuku wa kienyeji anayedonoa majani hutaga yai lenye kiini kilichokolea.

Mayai yenye ufa huuzwa kwa bei nafuu. Kuna ubaya gani kuyanunua?

Ninaelewa kwa nini mama mwenye watoto wengi huyachukua, wala simlaumu, lakini ningemsihi anunue mayai 10 mazima badala ya trei ya 30 yenye nyufa. Ganda na utando ulio ndani yake ndio ukuta wa yai. Kuku anaweza kubeba bakteria wa salmonela bila kuonekana mgonjwa, na kinyesi chake kikigusa ufa, bakteria hao hupata njia ya kuingia na kuzaliana kwenye joto la mchana, huku yai likiwa halina harufu yoyote mbaya. Aliyeambukizwa huharisha, hupata homa na kusokotwa na tumbo, mara nyingi kati ya saa 6 na siku 6 baada ya kula. Mtu mzima mwenye afya kwa kawaida hupona. Hatari zaidi iko kwa mtoto mchanga, mjamzito, mzee na yeyote mwenye kinga dhaifu, wakiwemo wanaoishi na VVU.

Yai likipasuka njiani ukirudi nyumbani kwa bodaboda, livunjie kwenye chombo safi chenye kifuniko, liweke kwenye friji na ulipike ndani ya siku 2. Asiye na friji alipike mara tu anapofika.

Je, niyaoshe kabla ya kuyaweka?

Usiyaoshe. Maji huondoa utando wa nje unaoziba vitundu vya ganda, na maji baridi yanaweza hata kuvuta uchafu uingie ndani. Panapo uchafu kidogo, futa kwa kitambaa kikavu, kisha unawe mikono kwa sabuni.

Sina friji. Niyaweke wapi?

Yaweke ncha butu ikiwa juu, mahali pa kivuli penye hewa, mbali na sigiri, na ununue ya kutosha siku chache tu. Mwenye friji ayaweke ndani kabisa badala ya mlangoni, kwa kuwa mlango unaofunguliwa kila mara hupata joto. Yakishapoa yasitolewe nje ovyo, maana ganda hutoa jasho na unyevu huo huwasaidia bakteria kupenya.

Yai linaloelea majini ni bovu?

Ni la zamani. Jaribio la maji hupima umri wa yai, halipimi usalama wake: yai jipya linalozama linaweza kuwa na salmonela vilevile. Kwa hiyo vunja kila yai peke yake kwenye kikombe, ulinuse, ndipo ulichanganye na mengine.

Lichemshwe kwa muda gani?

Salmonela hufa upesi kiini kikifika nyuzi 71 za Selsiasi, yaani kikiwa kimeshikana. Dakika 10 hadi 12 tangu maji yaanze kuchemka hutosha Kampala. Kabale, ambako ni kwenye mwinuko wa takriban mita 2,000, maji huchemka yakiwa na nyuzi 93 hivi, basi ongeza dakika 2 au 3. Ule mviringo wa kijani unaokizunguka kiini ni dalili tu ya kuchemshwa kupita kiasi, na hauna madhara.

Na rolex ya barabarani?

Mayai yaliyotandazwa membamba kwenye kikaango cha moto huiva vizuri, hivyo chapati hiyo iliyoviringishiwa mayai ni chakula chema kikiandaliwa kwa uangalifu. Mimi hutazama kikombe cha plastiki. Muuzaji huvunjia humo mayai, akayakoroga pamoja na nyanya, kitunguu na kabichi, akayamimina. Yale mabaki ya ute yanayobaki ukingoni hukaa kwenye joto hadi mteja anayefuata, na anayemfuata huyo. Mwombe kwa upole, “Ssebo (yaani bwana), naomba ukioshe kwanza,” kisha umwachie muda ageuze mayai hadi pasiwe na ute unaochuruzika, ndipo aweke chapati.