Je, wajua kwa nini fotoni, yaani chembe za mwanga, haziwezi kufungia siri ya chaguo?

Tuseme Asha amechagua 0 au 1, na anataka kumkabidhi Bakari chaguo hilo leo bila Bakari kuliona, ili kesho likifunuliwa Asha asiweze kushukiwa kuwa amelibadilisha. Kwa kawaida angeliweka ndani ya kasha lenye kufuli, kasha likakaa kwa Bakari na ufunguo ukabaki kwa Asha. Lakini watu wasioaminiana, wanaowasiliana kwa mtandao tu, watalipata wapi kasha hilo?

Mwaka 1984 wanasayansi Charles Bennett na Gilles Brassard walieleza njia ya kutumia fotoni. Akichagua 0, Asha hutuma fotoni zinazotetema wima au mlalo. Akichagua 1, hutuma zinazotetema kimshazari, kulia au kushoto. Akizipima, Bakari hawezi kutambua ni kundi lipi, kwa sababu makundi yote mawili, yakichanganywa bila mpangilio, humpa matokeo yaleyale. Siku ya kufunua, Asha humtajia mwelekeo wa kila fotoni, naye hulinganisha na vipimo vyake.

Waandishi hao wenyewe waliuona upenyo wa udanganyifu. Asha anaweza kutengeneza fotoni pacha zilizofungamana, yaani ambazo matokeo ya kuzipima kwa njia moja huendana, akatuma moja na kubaki na mwenziwe bila kuipima. Kesho, akiisha kuamua anachotaka, huipima pacha yake kwa njia inayofaa, naye hujua papo hapo la kumwambia Bakari. Kumbe hakuwa amechagua chochote.

Mwaka 1993 Brassard na wenzake watatu walipendekeza utaratibu walioamini kuwa hauvunjiki. Kufikia 1997, Dominic Mayers, na kwa upande wao Hoi-Kwong Lo na H. F. Chau, walikuwa wamethibitisha kwamba tatizo haliko kwenye utaratibu mmoja. Ikiwa alichonacho Bakari hakitofautiani kwa namna yoyote kati ya 0 na 1, basi Asha anaweza kugeuza moja kuwa nyingine kwa kugusa upande wake tu. Usiri unaomkinga Asha ndio huohuo unaomfungulia mlango wa kudanganya, na kwangu hili ndilo jambo zito kuliko yote katika habari hii.

Mwanafizikia Adrian Kent alitafuta msaada kwingine: hakuna ujumbe unaosafiri kwa kasi inayozidi ya mwanga. Mawakala wa Asha wakiwa mbali, kila mmoja akatakiwa kujibu kwa wakati mmoja, hawapati nafasi ya kupatana uongo mpya. Jaribio lililotangazwa mwaka 2013, kati ya Geneva na Singapore, lilifungia chaguo kwa takriban milisekunde 15.