Akupancha kwenye zahanati ya kijijini: maswali ya wagonjwa

Akupancha ni tiba ya kuchomwa sindano; sindano hizo zinaingiza dawa gani?

Haziingizi kitu. Hazina tundu, ni nyembamba, unene wa milimita 0.2 hadi 0.3 hivi. Ikifika kwenye msuli unahisi uzito au ganzi kidogo. Mishipa ya fahamu iliyochokozwa hupeleka taarifa kwenye uti wa mgongo na ubongo, na mwili hutoa endofini, vituliza maumivu vyake wenyewe.

Inatibu nini hasa?

Maumivu, na si yote. Malaria, kisukari na presha havimo, hata bango liseme nini. Hata kwenye maumivu, ikilinganishwa na sindano za kuigiza, yaani za uongo zinazotumika kwenye utafiti, tofauti ni ndogo. NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, iliikubali mwaka 2012 kwa kuzuia kipandauso, hadi mara 10 ndani ya wiki 5 hadi 8. Mwaka 2016 ikashauri isitumike kwa maumivu ya kiuno.

Sasa ya nini kuihangaikia kijijini?

Kwa sababu mgonjwa wa maumivu sugu akiwa mbali na hospitali humeza diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, mwaka hadi mwaka, mpaka tumbo linatoka vidonda na figo zinaumia. Kumpunguzia vidonge hivyo ni faida tosha.

Nani aruhusiwe kuchoma?

Mwaka 1999 Shirika la Afya Duniani lilitaka daktari anayeitumia kama mbinu mojawapo ya kazi yake asome angalau saa 200. Kuchoma si ndiyo kazi ngumu. Kazi ni kumtambua asiyestahili kuchomwa: kiuno kinauma, ila miguu imelegea, mkojo unamtoka au anakonda na kutoka jasho usiku. Huyo apewe rufaa siku hiyo hiyo.

Ina hatari?

Kwa kawaida ni damu kidogo na michubuko. Kubwa, japo ni nadra, ni kutoboa pafu. Ndiyo maana begani mtaalamu hubana msuli kwa vidole, akauinua, kisha akachoma kwa mshazari. Wengine huzimia, kwa hiyo mara ya kwanza lala. Ukitumia dawa za kuzuia damu kuganda, sema mapema.

Na virusi vya UKIMWI, au homa ya ini?

Pakiti ifunguliwe mbele yako. Sindano zihesabiwe zikiingia na zikitoka, kisha ziende kwenye sanduku la usalama. Ukiona zimelowekwa kwenye spiriti zikisubiri mgonjwa mwingine, ondoka.